Kabla hujaniita nije kuweka grili: jinsi ya kuifunga nyumba mwizi asiitamani

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Dar es Salaam. Mageti na grili ndiyo ugali wangu, na simu yangu hulia zaidi siku moja au mbili baada ya watu kuibiwa kuliko kabla. Nikifika namkuta mama mwenye nyumba amesimama mlangoni kajifunga kanga, mtoto ananionyesha kwa kidole "wamepita hapa", nami natoa tepu nianze kupima dirisha. Mara nyingi hata sijamaliza kupima naona kwamba grili ninayotaka kuiuza isingeuzuia wizi ule. Mwizi kaingia kwa mlango wa jikoni ambao komeo lake lilishikwa na skrubu mbili fupi. Au hakuingia kabisa, alisimama nje akachukua alichokitaka.

Januari 2015 na tena Septemba 2022, jiji lilipojaa habari za Panya Road, yale magenge ya vijana wanaovamia watu na nyumba, nilipata kazi hadi nikawa nakataa nyingine. Watu waliagiza chuma kwa hofu. Baadhi yao walitumia mshahara wa miezi miwili kwenye dirisha la sebuleni, na mlango wa uani ukabaki vilevile. Kwa hiyo naandika mpangilio ambao ningemwambia ndugu yangu: uanze na yasiyo na gharama, ufuate ya bei ndogo, halafu ndipo unitafute mimi. Mwizi wa nyumba za kawaida hana muda, na hataki kusikika. Kila kitu hapa chini ni namna ya kumchelewesha au kumfanya apige kelele.

Hatua ya 1: Izunguke nyumba yako usiku

Chagua siku ambayo umeme upo, saa nne usiku hivi, taa za ndani zikiwaka kama kawaida. Mwambie aliye ndani afunge milango na madirisha vile mnavyofunga kila siku, asiongeze kitu. Mjulishe na jirani, usije ukaitiwa mwizi kwenye nyumba yako mwenyewe. Kisha toka uzunguke polepole, tochi umezima.

Simama barabarani uangalie pazia. Kama unaiona TV na unaweza kusema ni ya inchi ngapi, na mwenzako anaweza. Sukuma kila dirisha kwa kiganja. Pitisha mkono kwenye kila grili uone vidole vinafika wapi. Vinafika kwenye komeo la mlango? Kwenye ufunguo ulioachwa kitasani? Kwenye meza ya kuchajia simu? Sehemu hii watu huwa wanacheka, halafu wananyamaza.

Tazama pia vya kukanyagia: mnara wa tanki la maji, tofali za ujenzi usioisha, tawi la mwembe linalolalia bati, ukuta mfupi wa jirani. Mwisho tazama ulichomwachia mwizi kama zana. Niliitwa Kimara nyumba ambayo wezi walipanda juu kwa ngazi ya mwenye nyumba, iliyokuwa imelazwa nyuma ya banda la kuku, na dari wakaivunja kwa mtaimbo wake, uliokuwa pembeni ya ngazi. Walipomaliza, ngazi waliiacha imeegemezwa ukutani vizuri tu, kama watu waliolelewa. Ngazi, mtaimbo, jembe, panga na spana vilale ndani. Ngazi ikiwa ndefu haiingii ndani, ifunge kwa mnyororo na kufuli kwenye nondo ya dirisha.

Andika kila ulichokiona. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuambia pesa iende wapi kwanza.

Hatua ya 2: Sogeza kitanda, tundua suruali

Wizi ninaousikia sana kwa wapangaji ni ule ambao mwizi haingii ndani. Nami umenipata, grili nikiwa nimeichomelea kwa mkono wangu.

Nilikuwa nimepanga chumba Tabata, Februari, joto lile ambalo hata shuka ni mzigo. Dirisha wazi, wavu wa mbu umefungwa, grili imara. Suruali niliitundika kwenye msumari mkabala na dirisha, simu ikiwa mfukoni. Saa tisa usiku nikasikia mlio mdogo kama kijiko kinachogonga sufuria. Kilikuwa chuma cha mkanda wangu kikigonga nondo. Nilipofumbua macho, suruali ilikuwa inatoka dirishani, mguu mmoja umeshapita. Nikarukia mguu uliobaki, tukavutana mimi na mtu nisiyemwona, kisha nikabaki nimeshika hewa.

Asubuhi suruali niliikuta imetupwa kwenye michongoma ya jirani. Kitambulisho cha kupigia kura kipo mfukoni, pesa na simu havipo. Wavu ulikatwa kwa wembe, pande mbili tu, ukaning'inia kama ulimi. Chini ya dirisha kulikuwa na fimbo ya mpera ya kama mita mbili, nchani imefungwa waya wa kutundikia nguo uliopindwa mfano wa ndoana. Mtu alikuwa anavua samaki, na samaki nilikuwa mimi.

Basi fanya haya leo, hayana gharama. Simu, funguo, pochi na kompyuta visilale mahali palipo mkabala na dirisha. Viweke kwenye ukuta uleule wenye dirisha, pembeni, ambako fimbo haiwezi kupinda kona. Kitanda kisogee mbali na dirisha kadiri chumba kinavyoruhusu. Funguo za mlango zisiachwe mezani, maana fimbo iliyochukua suruali huchukua na funguo, na hapo mwizi anafungua mlango kama mwenye nyumba. Ukiwa na pesa kidogo, mwambie fundi aongeze upande wa ndani wa grili wavu mgumu wa chuma wenye matundu madogo. Hewa inapita, fimbo haipiti.

Hatua ya 3: Mlango wa jikoni kabla ya mlango wa sebuleni

Nenda nyumba kumi, saba utakuta mlango wa mbele ni wa mninga, mzito, umechongwa maua, una kitasa cha bei mbaya. Nyuma, mlango wa jikoni wa kutokea uani ni wa plaiwudi, ndani yake hewa tupu, komeo moja la sokoni. Mwizi haji kupokewa sebuleni. Anakuja kwa nyuma, penye giza na mitungi ya gesi.

Kama huwezi kubadilisha mlango, imarisha unaposhikiwa. Toa zile skrubu fupi za komeo na za bawaba, weka za inchi 3 zinazozama ndani kabisa ya mbao ya fremu. Kazi hiyo ni ya saa moja na bisibisi. Mlango unaopigwa teke aghalabu haupasuki ubao, unachomoka pale kitasa kinapoingia kwenye fremu. Kwa hiyo pale kwenye fremu pigilia bamba la chuma, urefu wa futi moja, skrubu ndefu kila baada ya inchi mbili. Weka makomeo mawili ya ndani, moja juu na moja chini, mbali na kitasa, ili kusukuma katikati kusisaidie.

Mlango unaofungukia nje una ugonjwa wake: bawaba ziko nje, na ile pini ya katikati inagongwa ikatoka. Hapo niite hata kwa dakika kumi, nipige tone la welding kwenye vichwa vya pini.

Na ule ufunguo unaouacha kitasani kwa ndani usiku, upande ambao kuna kioo au grili karibu? Ulishapima mwenyewe vidole vinafika wapi.

Hatua ya 4: Kufuli la nje

Kufuli kubwa linaloning'inia mlangoni ukiwa kazini ni tangazo kwamba ndani hakuna mtu. Mchana funga kwa kitasa, kufuli liwe la geti au la usiku kwa ndani.

Kwenye geti, shida si ukubwa wa kufuli, ni ule upinde wake kuwa wazi. Mkasi mkubwa wa kukatia vyuma ukiupata upinde, kazi ni ya sekunde. Dawa yake ni kipande cha bomba la chuma la inchi 4, nakichomelea kwenye geti kikizunguka mahali kufuli linapokaa, kimeacha uwazi wa chini tu wa kuingiza mkono na ufunguo. Mkasi hauwezi kufunguka ndani yake, na nyundo haina pa kupiga. Kitu hicho ni cha bei ndogo kuliko kufuli lenyewe, lakini wateja hawakiombi kwa sababu hakionekani kama ulinzi.

Pete linapopita kufuli nazo ziangaliwe. Nimeona kufuli la kilo nzima kwenye pete ya bati iliyopigiliwa misumari miwili. Mwizi aliling'oa na pete yake, akaenda nalo.

Hatua ya 5: Funguo

Ukihamia nyumba ya kupanga, badilisha kitasa siku hiyohiyo, cha zamani kitunze umrudishie mwenye nyumba ukihama. Mpangaji aliyetoka ana ufunguo, na mpwa wake anao, na fundi wa rangi alipewa mmoja. Chini ya zulia la mlangoni, ndani ya kiatu kibovu, juu ya fremu, kwenye chungu cha maua: mahali hapo pote mwizi anapajua kuliko wageni wako. Wa akiba mpe jirani unayemwamini au shangazi wa mtaa wa pili.

Hatua ya 6: Sasa dirisha

Hapa ndipo kwangu, nivumilie nikirefusha.

Kwanza, madirisha yenyewe. Yale ya zamani ya vioo vya kuchomeka, kimoja juu ya kingine, kila kioo kinachomolewa taratibu bila kuvunjika. Mwizi huvipanga chini ukutani vizuri kama sahani. Weka gundi ya silikoni kwenye ncha za kila kioo. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma pembeni huinuliwa yakatoka relini. Kata kipande cha ufito au cha mpini wa fagio, kilaze kwenye reli ya chini, dirisha halisogei hata komeo likivunjwa.

Kisha grili. Mwizi hakati nondo zako moja moja kwa msumeno kama kwenye filamu. Anakuja na jeki ya gari. Anaiweka kati ya nondo mbili, anazungusha, na nondo zinapanuka kimyakimya mpaka kichwa kipite, na kichwa kikipita mwili unafuata. Kwa hiyo kinachozuia jeki ni unene wa chuma na vile vinavyokatiza. Ukiagiza, muulize fundi mambo manne.

Chuma ni kizima au ni bomba? Grili nyingi za bei poa ni za bomba nyembamba la mraba. Ligonge kwa ufunguo: bomba hulia kama kopo, chuma kizima hutoa sauti fupi iliyokufa. Dai nondo nzima, milimita 12 iwe ya chini kabisa, na 16 kwa madirisha ya nyuma.

Nafasi kati ya nondo ni inchi ngapi? Isizidi 4. Mtoto wako wa miaka mitatu asiweze kupitisha kichwa, basi na mwizi hataweza.

Kuna vyuma bapa vya kukatiza? Viwepo kila futi moja, na kila vinapokutana na nondo pawe pamechomelewa pande zote mbili. Maua mazuri yaliyoshikwa kwa nukta moja moja huanguka kwa teke.

Imeshikwaje ukutani? Hili ndilo swali wateja wasilouliza. Grili nzito iliyofungwa kwa skrubu nne za nje ni picha iliyotundikwa. Iwe na masikio ya chuma yaliyochimbiwa ndani ya ukuta walau inchi 4 na kuzibwa kwa zege. Kama nyumba imeshapigwa plasta na hutaki kubomoa, tumia boliti ndefu za kupanuka, kisha vichwa vyake vichomelewe visifunguke kwa spana.

Na sasa neno ambalo mafundi wenzangu wananichukia kwa ajili yake: usifunge madirisha yote. Moto ukianzia jikoni au kwenye chaja, nyumba iliyozungushiwa nondo inageuka tanuri. Mimi sikubali kazi ya vyumba vya kulala bila dirisha moja, lile lililo rahisi kutokea, kuwa na grili ya kufunguka kwa ndani yenye bawaba na kufuli. Ufunguo wake utundikwe ukutani ndani ya chumba, mahali mtoto mkubwa anapafikia gizani na fimbo ya nje haifiki. Kila aliye ndani ajaribu kuifungua grili hiyo amefumba macho. Namba ya zimamoto ni 114, lakini gari lao linapofika uchochoroni kwetu wewe uwe umeshatoka.

Hatua ya 7: Juu

Masika yakipiga bati husikii hata redio, na mwizi anajua. Ndiyo sababu kazi nyingi za paa ninazoitiwa huangukia Machi hadi Mei. Wanang'oa misumari ya bati moja, wanalikunja kama ukurasa, wanakanyaga dari ya jipsamu inayovunjika kama biskuti, wamo ndani.

Kama unaezeka sasa, tumia skrubu za bati badala ya misumari, hasa safu ya chini na pembezoni. Kama nyumba imeshaisha, pandisha mtu darini aweke wavu wa nondo nyembamba, ule wa kumwagia zege, juu ya korido na chumba unachoweka vitu vya thamani, umefungwa kwenye mbao za kenchi. Si lazima nyumba nzima. Kata na matawi yanayofika kwenye paa.

Kwenye nyumba zetu za vyumba sita na korido katikati, angalia kitu kingine: kuta za vyumba nyingi hazifiki kwenye bati. Hakuna dari, na kati ya chumba chako na cha mpangaji mwenzio pana uwazi wa mtu kupita. Mlango wako wenye makufuli mawili hauna maana hapo. Mwombe mwenye nyumba azibe kwa matofali. Akisuasua, ziba upande wako kwa mbao na wavu wa chuma, umkate kwenye kodi mkikubaliana, na makubaliano hayo muyaandike.

Hatua ya 8: Mwanga, na ujanja wa kuzima umeme

Taa inayowaka nje saa sita mchana inasema wenyewe wamesafiri. Taa ya nje ambayo mtu anaifikia kwa mkono hulegezwa globu yake jioni, na usiku ukiingia unadhani imeungua. Zipandishe zaidi ya mita tatu. Kwa pesa kidogo, taa za sola zinazowaka zikiona mtu anapita ndizo nilizozipenda kuliko zote, kwa sababu hazijali mgao, na kushtuka kwa mwanga ghafla kunamsumbua mwizi kuliko taa inayowaka usiku kucha. Weka moja nyuma, penye mlango wa jikoni. Kiangazi futa vumbi kwenye kioo chake kila wiki mbili, la sivyo saa saba usiku imeshalala.

Ujanja wa kujua: mita ya umeme ya LUKU na swichi yake mara nyingi ziko ukuta wa nje. Mwizi anazima, anajibanza, anasubiri mwenye nyumba afungue mlango atoke kuangalia. Wengine hufungua bomba la uani maji yamwagike, au humrushia kuku wako jiwe. Umeme ukikatika usiku, chungulia kwanza dirishani. Kwa jirani kunawaka? Basi usifungue mlango. Mpigie jirani huyo, mwambie awashe taa zake za nje na akohoe.

Mbwa, kanga na dawa ya mlangoni

Mbwa koko anayebweka ni bora kuliko mbwa wa bei kubwa aliyefungiwa bandani. Mlishe jioni ashibe, ili nyama inayorushwa ukutani isimvutie, na umchanje kichaa cha mbwa kila mwaka. Kama una uwanja, fuga kanga. Nazungumzia ndege. Hakuna king'ora kinachowafikia, tatizo ni kwamba hawachagui kati ya mwizi na mjomba wako.

Wengi huniambia "tulipuliziwa dawa, hatukusikia kitu". Hospitalini mtu analazwa kwa dawa akiwa na mtaalamu pembeni anayempimia pumzi yake, na bado ni kazi ya hatari. Sijui mtu wa uchochoroni angewalazaje watu sita kupitia dirisha lililo wazi, wote waamke salama asubuhi. Watu walikuwa wamechoka, feni inavuma, mvua inanyesha. Na aliyezindika nyumba simzuii, ila azindike na skrubu za inchi 3.

Hatua ya 9: Watu wanaokuzunguka

Ukuta mrefu una ubaya mmoja: mwizi akishaingia, jirani hamwoni. Kama unajenga, acha geti lenye uwazi wa kuonekana kutoka barabarani. Michongoma iliyopunguzwa hadi kifuani inazuia kupita na haizuii macho. Chupa zilizovunjwa juu ya ukuta hufunikwa na gunia moja tu, usizitegemee.

Namba za majirani wanne, ya mjumbe na ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa ziwe kwenye simu na kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni kwa ndani. Mkubaliane ishara. Mtaani kwetu ni filimbi, moja kila nyumba, imetundikwa kitandani. Kama kuna ulinzi shirikishi, toa mchango wako kwa wakati, na ukiweza wapelekee chai saa saba ya usiku. Mlinzi aliyekunywa chai kwako hupita kwako mara mbili.

Mtu anayejidai ametoka kampuni ya umeme au ya maji asimame nje ya geti mpaka aonyeshe kitambulisho na wewe upige simu ofisini kwao. Anayetoka huko kweli hakasiriki. Dada wa kazi na watoto waambiwe hivyo, maana ndio wanaokuwepo mchana.

Nyumba huibiwa ikiwa tupu, na sisi tunatangaza. Desemba familia nzima imepanda basi kwenda Moshi, statusi ya WhatsApp ina picha mbele ya basi na saa imeandikwa. Kwenye msiba ni vibaya zaidi, maturubai na spika vinamwambia kila mpita njia kwamba nyumba ya marehemu imejaa watu na nyumba za ndugu zote hazina mtu. Acha mtu mmoja nyumbani, hata kama ni babu anayesikiliza redio. Ukisafiri, jirani aanike nguo zake mbili kwenye kamba yako, afagie uwanja, afungue pazia mchana. Picha za safari utaziweka ukirudi.

Wakiwa wameshaingia

Usitoke na panga. Usisimame kati ya mwizi na mlango. Kusanya watoto chumba kimoja, jifungie, piga filimbi na kelele kupitia dirisha, washa taa zote, piga polisi 112. TV yako ana haki ya kuondoka nayo kwa usiku huo kama ndiyo itakayomtoa haraka.

Na ukipiga kelele ya "mwizi", kumbuka unaita nini. Mtaani kwetu kijana mmoja aliyelewa alikosea geti usiku, akawa anagonga nyumba isiyo yake akidai afunguliwe na mama yake. Mtu mmoja akapiga ukunga. Nilipofika alikuwa chini, kichwa kimepasuka, na kuna aliyeshatoa tairi nyuma ya gereji. Mzee mmoja ndiye aliyemtambua kuwa ni mtoto wa nyumba ya tatu. Akikamatwa mtu, afungwe mikono, aitwe mwenyekiti na polisi. Wa kwanza kuinua tofali mzuieni ninyi mlioitana.

Asubuhi yake

Usifagie. Vioo, alama za viatu, fimbo, viache polisi waone. Kwa simu ya mtu mwingine funga laini yako na akaunti ya pesa kabla hujanywa chai, kwa sababu mwizi wa siku hizi anaitaka laini kuliko simu. Pita kwa mjumbe, kisha kituoni uandikishe upate RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Hapo utaulizwa namba za vitu. Kwa hiyo leo, kabla ya lolote, bonyeza *#06# kwenye kila simu ya nyumbani, andika IMEI inayotokea, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, piga picha namba iliyo nyuma ya TV, kompyuta na pampu ya maji, na picha hizo mtumie ndugu wa mbali. Simu iliyoibwa inaweza kufungiwa kwa IMEI isishike mtandao, lakini bila namba hiyo huna cha kupeleka.

Tundu waliloingilia lizibwe siku hiyohiyo, hata kwa mbao, usisubiri nafasi ya fundi. Wameshaiona nyumba kwa ndani, wanajua walichoshindwa kubeba, na wanajua utanunua TV nyingine. Ukiinunua, lile boksi lake usilipeleke jalalani zima likiwa na picha kubwa ya kioo na inchi zake. Lichanechane vipande, utawashie mkaa.